Ubao Ambao Haukuibwa

Kwa miaka mingi baba yangu alikuwa na kazi ya dakika tano kwa siku. Kila asubuhi saa tatu, kabla upepo wa mchana haujaanza kulivuruga Ziwa Naivasha, alichukua daftari lake lenye jalada gumu, akateremka hadi ufuoni, akachuchumaa mbele ya ubao na kusoma namba. Akaiandika, akarudi nyumbani kunywa chai. Ofisi ya maji ilimpa kazi hiyo kwa sababu mbili: alikaa karibu na ziwa, na hakuwa mlevi.

Sisi tuliuita ubao, lakini kwa kweli ni bati nene lililopakwa rangi na kufungwa kwenye nguzo ya chuma iliyosimikwa majini. Lina mistari myeusi na myeupe ya sentimita, na namba kubwa kila baada ya sentimita kumi. Maji yakipanda, namba inakua. Yakishuka, inapungua. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuusoma, na mimi nilikuwa darasa la tatu Baba aliponifundisha.

"Unachuchumaa mpaka jicho iwe sawa na maji," aliniambia. "Wimbi inapanda, inashuka, wewe unangoja. Unachukua hapo katikati. Na unaandika kile umeona, si kile unafikiria. Kufikiria ni ya ofisi."

Hakupenda mstari mtupu katika daftari lake. Siku aliyokuwa na homa alimtuma mama yangu, na siku ya mazishi ya mama yangu alikwenda mwenyewe, akiwa na suti yake nyeusi, kisha akarudi tukaenda kanisani. Wengine walisema ana roho ngumu. Mimi nilimwona akirudi kutoka ziwani siku hiyo, kwa hiyo najua walikosea.

Nikiwa mtoto, ziwa lilikuwa likitukimbia. Kila mwaka tulitembea mbali zaidi kulifikia, kupitia tope lililopasuka na nyasi ambazo viboko walikuwa wamezilaza. Hofu ya watu wazima wote ilikuwa kwamba litakauka. Walilaumu mashamba ya maua yanayovuta maji kwa mabomba, walilaumu ukame, walilaumu waliokata misitu huko juu, na kanisani tuliliombea ziwa kama tulivyowaombea wagonjwa. Huku tukiliombea, tulilifuata. Maji yalipoondoka, mtu alipanda sukuma wiki pale yalipokuwa. Mwaka uliofuata alijenga kibanda cha kulinda sukuma wiki. Mwaka wa tatu kibanda kilikuwa na mlango, kufuli na mtoto mchanga.

Shamba la Baba lilikuwa juu kidogo, karibu na barabara, na hati yake ilikuwa halali. Alikuwa akijisifu kwa hilo bila haya. Lakini hata yeye aliamini, kama sisi sote, kwamba ziwa ni kitu kinachoondoka. Watu waliolelewa na ziwa linalorudi nyuma hawajui kuogopa ziwa linalokuja.

Kisha Baba akaanguka. Alikuwa amepanda ngazi kusafisha mfereji wa paa, na ngazi ikateleza. Akavunjika nyonga. Alilazwa wiki kadhaa, na aliporudi nyumbani alilala kitandani kwa miezi mingi, akiamrisha kila mtu kutoka huko. Daftari la ziwa likawa langu.

Mimi ni mwalimu. Nafundisha hesabu Gilgil, naondoka nyumbani alfajiri na kurudi jua likishuka. Nilimwambia Baba wazi kwamba nitasoma ubao Jumamosi na Jumapili tu.

"Na hizo siku zingine?"

"Hizo siku zingine niko kazini, Baba."

"Sasa utaacha nafasi?"

"Sitaacha nafasi. Nitaandika Jumamosi, halafu Jumapili, halafu Jumamosi ingine."

Hakufurahi, lakini mtu aliyelala chali hana nguvu za kubishana sana. Nikafanya hivyo. Mvua zilikuwa nyingi mwaka huo, na namba zilikuwa zikipanda, nami nikaziandika bila kuwaza. Ilifika mita mbili na kitu, karibu na kichwa cha ubao. Halafu zikaja wiki tatu au nne ambazo sikwenda kabisa. Njia ilikuwa tope hadi magotini, na upepo ulikuwa umesukuma visiwa vya mafunjo na gugumaji hadi ufuoni, na ndani ya mafunjo kulikuwa na viboko. Mwalimu akiuawa na kiboko, darasa lake litaunganishwa na la mwenzake, na mwenzangu hajui hesabu za sehemu. Hivyo ndivyo nilivyojitetea.

Niliporudi, ubao haukuwepo. Nilisimama pale ambapo nilikuwa nimezoea kusimama, au nilipodhani ndipo, na mbele yangu kulikuwa na ukuta wa mafunjo tu. Nilitafuta kidogo, kwa macho. Halafu nikajua jibu, kwa sababu mwezi huohuo kibao cha shule yetu kilikuwa kimeng'olewa, na lango dogo la kanisa, na vifuniko viwili vya mtaro mjini. Wauza vyuma chakavu walikuwa wanabeba kila kitu. Nilikasirika vizuri sana, ile hasira tamu ya mtu aliyepata wa kulaumu. Nikapiga simu ofisi ya maji na kusema kwamba ubao umeibwa.

Walimtuma fundi, mwanamke wa makamo mwenye gambuti na sauti ya chini. Alitazama mafunjo, akatazama ardhi tulipokuwa tumesimama, akaniuliza, "Una uhakika uliibwa? Haujazama?"

Nilicheka. Sioni haya kukiri mengine katika kisa hiki, lakini kicheko hicho bado kinaniuma. "Madam," nikamwambia, "mimi nimezaliwa hapa."

Hakubishana. Alisimika ubao mpya pale alipoweza kufika, karibu zaidi na nchi kavu, akautikisa kuhakikisha umeshika. Kisha akaniambia jambo moja, na akalirudia. "Huu unaanza na sifuri yake. Usiunganishe na ule wa zamani mpaka tukuje na mashine ya kulinganisha. Namba ya hapa na namba ya kule si kitu kimoja. Umeelewa?"

Nilielewa. Hata hesabu zake nilizielewa, kwa sababu ndiyo kazi yangu: mbao mbili, sifuri mbili, na ya pili iko juu kuliko ya kwanza. Nikatoa penseli na kuandika maneno yake ndani ya jalada la daftari. Halafu nikafungua ukurasa wa namba na kuandika ya siku hiyo, sentimita arobaini, kwenye mstari uliofuata, chini kabisa ya ile ya mita mbili. Sikuacha nafasi. Baba hapendi nafasi.

Mashine haikuja mapema. Maziwa yote ya Bonde la Ufa yalikuwa yanapanda wakati mmoja, na nadhani mafundi walikuwa na mbao nyingi za kukimbilia. Mimi nilisahau. Ningependa kuandika hapa kwamba nilikuwa na sababu, lakini nilisahau tu, jinsi mtu anavyosahau alipoweka funguo.

Sasa nimlete shangazi yangu, kwa sababu kisa ni chake. Ni mdogo wa Baba, nami humwita Tata. Kwa zaidi ya nusu ya maisha yake aliuza viazi na karoti kando ya barabara kuu Sachangwan, akipanga mistari ya ndoo mbele ya malori, katika baridi ambayo huingia kwenye mifupa na kukaa. Magoti yake yalikuwa yamemwambia imetosha. Tangu alipotoka kwa wazazi wake hajawahi kulala katika nyumba isiyo ya kupanga. Alitaka kitu kimoja kabla ya uzee: ukuta ambao anaweza kupigilia msumari bila kuomba ruhusa. Alisema hivyo hivyo, msumari, na aliposema alionyesha kwa kidole mahali msumari utakapokaa.

Alikuwa amepata kipande cha shamba chini ya kwetu, upande wa ziwa. Alikuja wakati wa kiangazi kulitazama, na baada ya kulitazama akaja jikoni kwetu. Shangazi si mjinga na hakuwa na haraka. Kitanda cha Baba kilikuwa kimesogezwa karibu na mlango wa jikoni ili awe anasikia kila kitu.

"Mzee," Shangazi akamwambia, "hapo chini, maji itanifikia?"

"Mimi sijaona ziwa miezi nne," Baba akajibu. "Uliza kitabu."

Kitabu kilikuwa kwangu. Nililileta daftari na kulifungua mezani, nikasoma kwa sauti ninayoitumia darasani, nikishuka na kidole. Mita mbili na kitu. Mita mbili na kitu. Halafu sentimita arobaini. Halafu thelathini na nane. Halafu thelathini na tano, kwa sababu kiangazi kilikuwa kimelivuta ziwa nyuma kidogo, na tope la ukingoni lilikuwa limeanza kupasuka kama zamani.

"Imeshuka," nikasema. "Imeshuka vibaya."

"Hiyo ni ubao gani?" Baba akauliza kutoka kitandani.

"Ubao ni ubao, Baba."

Aliniachia: hakuwa ameuona ule mpya kwa macho yake, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa hesabu. Shangazi aliweka kikombe chini na kutabasamu kwa uso wote. "Basi wacha ikauke pole pole," akasema, "isinikimbie sana. Nataka kuiona nikikaa."

Alijenga vyumba viwili vya mawe. Sakafu ilikuwa ya simiti nyekundu, na aliipiga rangi ya nta mwenyewe kwa magoti yaleyale mabovu. Dirisha la upande wa ziwa aliamuru liwekwe chini kuliko kawaida, na fundi alipopinga alimwambia kwamba anayeishi humo ni yeye. Alitaka kukaa kwenye stuli, kumenya viazi na kuona maji bila kunyoosha shingo. Siku ya kuingia alitupa nyundo tupigilie misumari, kila mtu mmoja, popote tutakapo. Mimi nilipigilia wangu juu ya mlango, na hapo ndipo alipotundika ufunguo. Nilifurahi siku hiyo. Sitaki kukana kwamba nilifurahi, na kwamba nilijiona nina mkono katika furaha hiyo.

Mvua za mwaka uliofuata hazikukoma wakati wake. Ilinyesha mwezi wa mvua, ikanyesha mwezi ambao tumezoea kuanika mahindi, ikanyesha Krismasi. Maji hayakuja kwa Shangazi kutoka ziwani, kama tulivyofikiria mafuriko huja. Yalikuja kutoka chini. Kwanza shimo la choo lilijaa bila mtu kulijaza. Kisha sakafu nyekundu ikaanza kutoa jasho. Aliipangusa asubuhi na ilikuwa imelowa tena kufikia saa sita. Majirani waliokuwa chini yake walibeba mabati yao na kuondoka mmoja mmoja. Usiku viboko walipanda kula nyasi, na asubuhi tulikuta kinyesi chao kimerushwa ukutani kwake.

Nilimwambia ahame. Baba alimwambia ahame. Mchungaji alimwambia. Jibu lake lilikuwa moja.

"Ilipanda ikashuka. Si wewe ulinisomea? Mita mbili, halafu hii kidogo. Itashuka tena."

Wakati huo Baba alikuwa ameanza kutembea kwa mkongojo, na jambo la kwanza alilofanya ni kuninyang'anya daftari. Siku ya pili aliomba kubebwa na mvuvi mmoja kwenye mashua yake. Alitaka kuona mahali ubao wake wa zamani ulipoibwa. Alipajua, kwa njia aliyokuwa ameitumia miaka yote bila kutuambia: ukisimama pale, mgunga mmoja wenye gome la manjano unaziba pembe ya paa la kanisa. Walipiga makasia mpaka mgunga ukaziba pembe. Hakukuwa na mafunjo tena hapo, upepo ulikuwa umeyapeleka kwingine. Baba akaomba upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, akauteremsha majini. Ukagonga chuma.

Nilikuwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi aliporudi. Suruali yake ilikuwa imelowa. Hakuketi.

"Haujaibwa," akasema. "Umesimama. Uko chini ya maji, umesimama vile niliuacha."

Halafu akafungua jalada la daftari, akaniwekea mezani, na kidole chake kikakaa chini ya maandishi yangu ya penseli. Huu unaanza na sifuri yake. Usiunganishe. Sikuhitaji kueleza kitu. Siku niliyomsomea Shangazi kwamba ziwa limeshuka, lilikuwa limepanda kuliko lilivyowahi kupanda tangu Baba aanze kulipima. Lilikuwa limemeza ubao mzima, likafika kwenye mguu wa ule wa pili.

Nilimngoja Baba anigombeze. Ningejua la kufanya kama angenigombeza, kwa sababu mimi pia nina mdomo. Lakini aliuliza tu, "Nani atamwambia?"

"Mimi," nikasema.

Nilichukua siku kumi na sita. Nilikwenda kwake mara nyingi katika siku hizo, na kila mara nilizungumza sana. Nilimweleza mambo niliyosikia redioni na kwenye semina ya walimu: kwamba dunia imepata joto, kwamba mvua zimebadilisha tabia, kwamba maji yanayoshuka kutoka Aberdare hayana tena msitu wa kuyashika njiani, na udongo unaoshuka nayo unalijaza ziwa kutoka chini. Nilimwambia Baringo kuna shule zimemezwa. Nilimwambia Ziwa Nakuru limetoka nje ya ua wa mbuga na kuingia kwenye nyumba za watu, na heroe, wale ndege wa waridi, wametafuta pengine pa kula. Yote yalikuwa kweli. Ndiyo maana yalinifaa. Nilisimama nyuma ya hali ya hewa ya dunia nzima ili Shangazi asinione.

"Hiyo ni redio," alisema akimenya kiazi, miguu juu ya tofali. "Redio haijui hapa. Kitabu ndio inajua hapa."

Asubuhi ya siku ya kumi na sita kiboko jike aliingia kati ya nyumba ya Shangazi na choo chake, na mtoto wake, na hakuondoka. Shangazi alikuwa amefungua mlango nusu, na ndoo mkononi. Aliufunga. Mlango ule ni wa mbao nyembamba, na kiboko akiuegemea tu hauko tena. Alikaa ndani mpaka saa saba mchana, amesimama juu ya kitanda, akiita. Sisi tulikuwa upande wa juu tunapiga mabati na sufuria, watu ishirini, na Baba akirusha mawe ambayo hayakufika. Ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo nilikuwepo. Nilipiga sufuria mpaka mpini ukatoka. Nilikuwa nikifikiri kwamba akifa, amekufa kwa mwandiko wangu.

Yule kiboko alichoka na sisi akarudi majini. Nikawa wa kwanza kushuka. Maji yalikuwa yananifika kwenye vifundo sebuleni kwake, juu ya sakafu nyekundu, na nta ilikuwa inaelea vipande vipande. Shangazi alikuwa bado juu ya kitanda. Sikumwacha ashuke. Nilijua nikimwacha ashuke tutakumbatiana, na tukikumbatiana sitasema.

"Tata," nikamwambia, "ile siku nilikusomea kitabu, nilisoma vibaya. Ubao ulikuwa mpya. Niliambiwa nisiunganishe, nikaunganisha. Maji haikuwa imeshuka."

Alinitazama. "Kwa hivyo nikijenga, ilikuwa imepanda."

"Ndio."

"Na ulikuwa umeambiwa."

"Niliambiwa mara mbili. Niliandika kwa penseli."

"Tangu lini unajua?"

Hili ndilo swali nililokuwa nikiliogopa, si yale mengine. "Wiki mbili na siku mbili," nikasema.

Alishuka kitandani taratibu, akishika ukuta, kwa sababu magoti yalikuwa yamekauka kwa kusimama. Alitazama dirisha lake la chini. Sikuona chozi. Nililia mimi, na akanitazama nikilia kwa namna ya mtu anayengoja basi, mpaka nikaona aibu nikaacha.

"Toa kitanda," akasema.

Tulitoa kitanda, stuli, masanduku, jiko, picha ya wazazi wao, yeye na Baba. Watu walifanya mstari kutoka mlangoni hadi nchi kavu na kupokezana. Ufunguo aliuacha kwenye msumari. Alihamia chumba cha nyuma kwetu, ambacho kilikuwa cha mama yangu cha kuwekea mahindi, na kwa muda mrefu hakunisemesha. Mezani alimwomba Baba chumvi, hata ikiwa kwenye mkono wangu. Baba aliichukua mkononi mwangu na kumpa, bila kuinua macho.

Ubao wa pili nao ulizama. Yule fundi wa gambuti alirudi, safari hii na mashine ya miguu mitatu ya kulinganisha, na mwenzake wa kushika fimbo. Nilimwomba msamaha kwa kile kicheko. Alisema hakikumbuki, na nadhani alisema hivyo kwa wema. Alihitaji kitu imara kilichosimama ndani ya maji, kisichoyumba, ambacho mtu anaweza kukiona akiwa nchi kavu. Aligeuza macho huku na huku, na sote tulijua kitu hicho ni nini kabla hajasema.

Alimwomba Shangazi ruhusa kwa adabu, kama mtu anayeomba kuoa.

"Hiyo nyumba ni ya samaki sasa," Shangazi akasema. "Pigilia. Lakini kusoma nitasoma mimi."

Ndivyo ubao wa tatu ulivyofungwa kwenye pembe ya nyumba ya Shangazi, kando ya dirisha, kwa misumari minne ya zege. Nyonga ya Baba haimruhusu tena kuchuchumaa, naye alimfundisha dada yake kama alivyonifundisha mimi: ngoja wimbi, chukua katikati, andika ulichokiona. Shangazi alisikiliza yote. Kisha akachukua rula na kupiga mstari kutoka juu hadi chini ya ukurasa, akafanya safu mbili. Katika ya kwanza anaandika alichokiona. Katika ya pili anaandika namba hiyo ikijumlishwa na ile ambayo fundi alimpa baada ya kulinganisha mbao, ili ihesabike kutoka mguu wa ubao wa kwanza kabisa, ule uliosimama gizani huko chini. Baba alilalamika kwamba kufikiria ni kazi ya ofisi.

"Ofisi haikujenga nyumba," Shangazi akamjibu, na hapo mjadala ukaisha.

Maji yanapanda na kushuka kidogo, lakini hayajarudi. Siwezi kusema kama yatarudi. Wataalamu wanasema mengi na hawakubaliani kwa yote, nami nimekoma kuwa mtaalamu. Ninachojua ni kwamba watu bado wanatafuta mahali pa kujenga, na kwamba sasa, kabla ya kununua chochote upande wetu, wanakuja kwenye ua wetu kuuliza. Wanakuja Jumamosi. Shangazi alichagua Jumamosi kwa sababu ndiyo siku ninayokuwa nyumbani. Yeye huleta daftari, hulifungua mwenyewe, na hunipa mimi nisome. Ndivyo alivyoanza kunisemesha tena, kwa neno moja. Nilikuwa nimemsomea mtu namba, na Shangazi akauliza kutoka kwenye stuli yake, bila kugeuza kichwa, "Umeongeza?"

"Nimeongeza, Tata."

Jumamosi iliyopita alikuja mama mmoja kutoka Njoro, na mtoto mgongoni. Mumewe amepata kazi kwenye shamba la maua na wameonyeshwa kipande karibu na barabara. Alikuwa na swali lilelile, karibu kwa maneno yaleyale. Maji yalikuwa yamefika kwenye kizingiti cha lile dirisha la chini asubuhi hiyo, na nilianza kumsomea, safu ya kwanza, safu ya pili.

"Anza na jalada," Shangazi akasema.

Nikadhani sijasikia vizuri. Alinyoosha mkono, akafunga daftari nililoshika, akalifungua tena kwenye jalada. Penseli imefifia lakini inasomeka. Nikasoma kwa sauti, mbele ya mgeni, maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu na kuyapuuza. Yule mama alisikiliza akimtikisa mtoto. Halafu akauliza, kwa udadisi tu, ni nani aliyeandika hayo.

Shangazi alikuwa na kiazi mkononi na kisu kwenye kiazi, naye aliacha kumenya.

"Ni mimi," nikasema.

"Sasa endelea," akasema Shangazi, na kisu kikaanza tena. Nikafungua ukurasa, nikamsomea yule mama namba za ziwa polepole, zote, nikijumlisha kila moja.